Jeraha Lisiloonekana kwenye Eksirei: Tathmini ya Ofisi ya Mawakili wa Madai ya Ajali Jijini Mbeya

Ofisi nyingi za mawakili zinazoshughulikia madai ya ajali za barabarani hapa Mbeya hupima uzito wa dai kwa vitu vinavyoonekana: mguu uliofungwa POP, kovu la usoni, au picha ya eksirei yenye mfupa uliopishana. Ofisi ninayoitathmini hapa ni ya kwanza niliyoiona ikitafuta kwa makusudi jeraha ambalo halina kovu wala picha, yaani mtikisiko wa ubongo au jeraha dogo la ubongo. Iko ghorofani, mwendo mfupi kutoka Kabwe, na sitaitaja kwa jina kwa sababu shauri la mdogo wangu bado halijamalizika. Kwa kazi hiyo ya kutambua nawapa nyota tano bila kusita. Kwa namna wanavyoendesha mambo mengine ya mteja mwenye jeraha la aina hiyo nawapa tatu, na sababu zake nitazieleza.

Mdogo wangu ni mfanyabiashara wa viazi mviringo wa jumla, mwenye kibanda Mwanjelwa. Alikuwa abiria katika Coaster iliyogonga lori kwa nyuma karibu na Inyala, kwenye barabara kuu ile ambayo kila mtu wa nyanda hizi anaijua kwa malori yake ya kwenda na kutoka Tunduma. Alivunjika mfupa wa mtulinga na kupata michubuko usoni. Hospitalini alipigwa CT scan, ikaonekana hakuna damu kichwani wala ufa kwenye fuvu, na fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, ikajazwa kwamba hakuzimia. Yote hayo yalikuwa kweli. Wakili wa kwanza tuliyemwendea, ambaye ofisi yake ni nyingine kabisa, alisoma PF3, akatazama eksirei ya mtulinga juu ya mwanga wa dirisha, akapiga hesabu ya dawa na ya siku ambazo kibanda kilifungwa, kisha akatushauri tupokee kiasi kilichotolewa na kampuni ya bima na kutia saini hati ya kumaliza madai. Sina hakika kama alimtazama mteja wake usoni hata mara moja. Anayetia saini hati ile anakubali kwamba malipo ni ya mwisho, na kulifufua dai baadaye, hata dalili mpya zikijitokeza, ni kazi ngumu mno.

Ili msomaji aone kwa nini jambo hili hukosewa hata na watu makini, ni lazima nieleze kidogo upande wa tiba kama tulivyoelezwa na madaktari. Hospitali hupima fahamu za majeruhi kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo wa Uskoti. Kufumbua macho kuna alama 4, kusema kuna alama 5, na mwitikio wa viungo una alama 6, hivyo mtu aliye timamu kabisa hupata 15 na aliye katika hali mbaya kuliko zote hupata 3. Anayepata kati ya 13 na 15, akiwa hakuzimia zaidi ya dakika 30 na pengo lake la kumbukumbu halikuvuka saa 24, huwekwa katika kundi la jeraha dogo. Kundi hilo hupangwa kwa hali ya mtu katika saa za mwanzo na wala halisemi lolote kuhusu hali atakayokuwa nayo miezi minne baada ya ajali akirudi kwenye biashara yake. CT hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, na kwa kazi hiyo ni kipimo kizuri sana, lakini nyuzi nyembamba za neva zilizovutwa na kupindwa wakati kichwa kinarushwa mbele na kurudishwa nyuma haziwezi kuonekana humo. Wala si lazima kichwa kigonge kitu chochote, kwa kuwa ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu kwa mrusho wa mwili peke yake. Wengi wa wanaopata jeraha hili hupona ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Wapo wachache wasiopona kwa muda huo, na hao ndio wanaofika kwa wakili wakiwa na karatasi zinazosema kuwa ni wazima.

Kazi nzuri katika ofisi hii ilianza kabla hatujamwona wakili. Karani wa mapokezi, binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, aliona kwamba mdogo wangu alivuta kofia hadi kwenye nyusi na kuhamia kiti kilicholipa dirisha mgongo, na kwamba alimuuliza mara mbili kama wakili yupo ilhali alikwisha kujibiwa. Aliyaandika hayo kwenye karatasi ndogo na kuibana mbele ya jalada. Niliiona karatasi ile wakati wakili anafungua jalada, na nikiri kwamba mwanzoni ilinikera, kwa kuwa nilidhani ni umbeya wa mapokezi. Baadaye nilielewa kwamba wamefundishwa hivyo: mteja anayechelewa, anayesahau nyaraka aliyokumbushwa jana yake, anayekwepa mwanga au anayepoteza mwelekeo wa sentensi yake mwenyewe, huandikwa, wala hahukumiwi kuwa ni mzembe.

Wakili ni mama wa makamo, mpole wa sauti, aliyeniamkia kwanza kwa shikamoo kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, kisha akamgeukia mdogo wangu.

“Pole sana na ajali, kaka. Kitu cha mwisho unachokikumbuka kabla gari halijagonga ni kipi?”

“Dereva alikuwa anakimbia, tukakuta lori limeharibika barabarani bila alama yoyote, akashindwa kulikwepa.”

“Hilo unalikumbuka wewe mwenyewe, au ulisimuliwa?”

Mdogo wangu alinyamaza, akanitazama mimi kana kwamba jibu ninalo.

“Nilisimuliwa na trafiki.”

Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Lilipoulizwa, ikabainika kwamba kumbukumbu yake ya mwisho ni kununua mahindi ya kuchoma Uyole, na inayofuata ni muuguzi akimkatia shati kwa mkasi. Kati ya hapo hakuna kitu. Abiria wenzake walikuwa wametueleza mapema kwamba baada ya ajali alisimama, akatembea huku na huko akitafuta begi lake, na akazungumza na watu, ndiyo maana askari na daktari waliandika kwamba hakuzimia. Mtu anaweza kabisa kuwa macho, akatembea na kujibu maswali, huku ubongo wake hauhifadhi lolote katika yanayotokea. Pengo hilo lilikuwa limezibwa na simulizi za watu wengine kwa namna ambayo hata yeye hakujua kuwa lipo, na wakili anayeuliza tu kama mteja alizimia angepata jibu la hapana na kugeuza ukurasa.

Jambo jingine nililolipenda ni kwamba hakumsomea orodha ya dalili. Mtu akiulizwa kama anaumwa kichwa, ana kizunguzungu, anasahau, anachoka upesi na halali vizuri, atasema ndiyo kwa yote, hasa akijua kuna fidia mbele yake. Na hata asiyegonga kichwa popote angeitikia nusu yake. Badala yake alimwomba asimulie siku yake ya jana tangu alipoamka, bila kumkatiza. Katika simulizi hiyo tukasikia kwamba amehamishia manunuzi yake alfajiri kabla soko halijachangamka, kwamba analala mchana ndani ya kibanda, na kwamba ameacha kwaya ya kanisani aliyokuwa akiiongoza, kwa maelezo kwamba siku hizi kinanda kinamuumiza.

Kisha, kwa ridhaa yake, wakili alimwita shemeji yangu peke yake. Mwenye jeraha hili mara nyingi ndiye shahidi dhaifu wa hali yake, ama kwa sababu haioni, ama kwa sababu mwanaume wa huku kwetu hatamwambia mgeni kwamba anashindwa kujumlisha. Shemeji alieleza kwamba mume wake, ambaye hakuwahi kumwinulia mtoto sauti, sasa anafoka hata kwa kishindo cha sufuria. Akaongeza jambo ambalo sisi wote tulilichukulia kuwa ni uzembe tu: alimwachia maharage jikoni akaenda bombani, akarudi akakuta yameungua hadi moshi umejaa nyumba, na yeye amekaa hatua chache kutoka jiko akiwa hana habari. Wakili akauliza kama anasikia harufu ya mafuta ya taa, ya sabuni, ya kitunguu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba tangu ajali hasikii harufu yoyote. Neva za kunusa hupita kwenye matundu madogo ya mfupa ulio juu ya pua, na zinaweza kukatika kichwa kinaporushwa, hivyo swali kuhusu harufu ni miongoni mwa maswali yenye faida kubwa anayoweza kuuliza mtu ambaye si daktari. Mtaani walikwisha kuanza kunong’ona kwamba amechezewa, na nadhani shemeji alipata nafuu kubwa siku ile kuliko mgonjwa mwenyewe.

Baada ya hapo tuliagizwa daftari la mauzo. Wakili alitaka kurasa za miezi ya kabla ya ajali na za baada yake, bila kusahihisha wala kunakili upya chochote. Nilikuwapo alipozifungua mezani ubavu kwa ubavu. Upande wa zamani kila mstari una jina la mteja, idadi ya magunia, bei na jumla, kwa mwandiko ule ule wa mtu mwenye haraka lakini mwenye uhakika. Upande mpya deni la mama mmoja wa Mafiati limeandikwa mara mbili kwa tarehe mbili tofauti, jumla imekatwa na kuandikwa upya hadi karatasi imetoboka, na ukurasa mmoja una idadi ya magunia bila jina la mnunuzi. Kwa maoni yangu ushahidi huo una nguvu kuliko maelezo yetu sote, kwa kuwa uliandikwa na mtu ambaye wakati ule hakuwa na wakili wala wazo la kudai kitu. Unafanya kazi nyingine pia, kwa sababu mahakama zetu hutaka hasara mahususi zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu, na mfanyabiashara asiye na maandishi hupoteza fungu hilo hata kama kila mtu sokoni anajua alichopoteza. Mashahidi nao walichaguliwa kwa akili: waliombwa watu wasio ndugu, akiwamo mpakiaji wa magunia na mwanakwaya mwenzake, wenye kueleza alivyokuwa na alivyo.

Wakili hakujifanya daktari. Alisema wazi kwamba kazi yake ni kushuku na kupeleka, na barua aliyoiandika kwa daktari ilieleza mabadiliko yaliyoonekana na nani aliyeyaona, bila kutaja jina la ugonjwa wala kumwelekeza daktari aandike nini. Aliuliza pia mambo ambayo yangeweza kuliharibu dai, kama vile dawa kali za maumivu anazotumia, pombe, usingizi, huzuni baada ya ajali, na kama aliwahi kuumia kichwa utotoni. Nilipomuuliza kwa nini anachimba yanayotudhuru, alijibu kwamba wakili wa upande wa pili atayachimba vilevile, na kwamba mteja akiongeza chumvi kwenye dalili moja, hata zile za kweli hazitaaminiwa. Kutokuwa na usingizi, maumivu ya kudumu na msongo wa mawazo huleta usahaulifu unaofanana sana na huu, na daktari ndiye anayepaswa kuvitenganisha. Tulipewa rufaa hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, ambayo hutibu pia majeraha ya ubongo na uti wa mgongo. Kabla ya safari wakili alisisitiza tubebe vyeti vya shule vya mdogo wangu, kwa kuwa majibu ya vipimo vya kumbukumbu na umakini hayana maana yasipolinganishwa na kiwango cha elimu cha mpimwaji.

Kuhusu muda, ushauri wake ulikuwa wa kati na kati. Dai la madhara ya aina hii lina ukomo wa miaka mitatu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia hati ya bima katika wiki za mwanzo ambapo hakuna anayejua nani atapona na nani hatapona, wala hakuna sababu ya kulala hadi mwaka wa tatu. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa chombo cha moto kilichoko barabarani, na kampuni ya bima iliandikiwa barua mapema kwamba tathmini ya kichwa haijakamilika. Aliyeumia akiwa kazini, mathalani dereva au utingo aliyeajiriwa, anayo pia njia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, lakini hilo halikutuhusu.

Sasa nije kwenye nyota nilizozipunguza. Ofisi inayojua kutambua mtikisiko wa ubongo ingetegemewa kuwa ya kwanza kumhudumia mteja kwa namna inayolingana na hali yake, na hapo ndipo wanapoteleza. Mahojiano ya kwanza yalikwenda mfululizo kwa muda mrefu mno, bila mapumziko, na kuelekea mwisho mdogo wangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili akijibu ndiyo kwa kila swali. Majibu ya dakika zile hayana thamani, na wakili makini kama yule alipaswa kuligundua hilo. Vikao viwili vifupi, tena vya asubuhi, vingetoa habari nyingi na safi zaidi.

Kibaya zaidi, siku hiyo hiyo, akiwa katika hali hiyo, aliwekewa mezani mkataba wa uwakili wa kurasa kadhaa, ulioandikwa kwa Kiingereza, na kuombwa saini. Ofisi ilikuwa imetumia saa nzima kuthibitisha kwamba mtu huyu hawezi kushikilia jambo kichwani, kisha ikamtaka aelewe vifungu vya ada na gharama kwa kusomewa haraka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na sioni kwa nini makubaliano kati ya wakili wa Mbeya na muuza viazi wa Mwanjelwa yabaki katika lugha nyingine. Nilimkataza kutia saini, na niseme kwa haki kwamba hawakukasirika. Tulipewa tukaenda nao nyumbani, na toleo la Kiswahili likaja baadaye baada ya kulidai. Lakini si kila mteja ana kaka wa kumsindikiza.

Ngazi ni kero nyingine. Hakuna lifti, na mtu mwenye kizunguzungu hupanda akishikilia ukuta. Umeme ukikatika, jenereta la duka la chini hunguruma chini ya dirisha la chumba cha mahojiano, sauti ambayo kwa mteja wa namna hii ni mateso. Miadi hapo awali ilitolewa kwa mdomo tu, akaisahau, na mara moja akaambiwa amepoteza nafasi. Siku hizi wanatuma ujumbe mfupi kwake na kwa mkewe pia, na tatizo limekwisha. Simu ya ofisi haipokelewi kirahisi asubuhi za siku za mahakama.

Gharama ndizo zinazonifanya nisite kumpeleka kila mtu huko. Ada yenyewe si kubwa ukilinganisha na kazi iliyofanyika, na risiti hutolewa bila kuombwa. Tatizo ni uchunguzi: nauli ya Dar es Salaam kwa watu wawili, malazi, vipimo, na malipo ya daktari atakayekuja kutoa ushahidi, vyote vinamwangukia mteja ambaye kipato chake kimeshapungua kwa sababu ya jeraha lile lile. Tuliomba makadirio ya maandishi kabla ya kukubali rufaa, tukaahidiwa, na hadi naandika haya hatujayapata. Anayefikiria kwenda aombe makadirio hayo siku ya kwanza, aende asubuhi akiwa amelala vizuri, abebe PF3, nakala za hospitali na daftari lolote aliloliandika kabla ya ajali, na asiende bila mtu anayeishi naye nyumba moja.